Aliyenishikia Mkoba

Neno la kwanza kunirudia baada ya kiharusi lilikuwa "Mheshimiwa", na kwa wiki nyingi halikupata mwenzake. Nilimwita mama yangu Mheshimiwa. Nilimwita nesi Mheshimiwa. Nilimwita hivyo binti yangu Imani, aliyekuwa darasa la sita, na siku mume wangu alipochelewa kuleta beseni nilimwita Mheshimiwa kwa ukali mpaka wodi nzima ikacheka. Kichwani maneno yote yalikuwepo, mazima, nayaona. Nikifungua mdomo linatoka lilelile moja, ambalo sisi mawakili tunalitamka mara nyingi kuliko tunavyotaja majina ya watoto wetu.

Naandika haya kwa sababu sasa naweza kuandika, tena kwa mkono wa kulia, ingawa herufi zinalala ubavu. Nawaandikia mawakili wenzangu, na zaidi nawaandikia wake na waume zao, maana ninyi ndio mnaoona mapema. Mambo ya mishipa ya kichwa siyajui, nawaachia wenye taaluma yao. Mimi nitasema nilichokaa nacho.

Ofisi yetu hapa Dodoma tulikuwa wawili, mimi Tabitha na mwenzangu Elia Chiwanga, na karani mmoja. Serikali ilipohamia huku viwanja vikapanda bei, ndugu wakaanza kushtakiana, na kazi ikatumiminikia. Hatukukataa kitu. Tuliitana "msomi", kama mawakili wanavyoitana, hata tunapogombania kipande cha mhogo wa kukaanga. Imani alimwita Elia mjomba, na mkewe Rehema alikuwa wifi yangu kabisa, siyo wa kuokoteza.

Nilipoanguka ilikuwa Julai, wakati wa ule upepo wa huku unaokausha midomo na kujaza vumbi masikioni. Asubuhi hiyo nilikuwa na kesi katika mahakama tatu. Msishangae, ndivyo tulivyoishi. Unapokea kila kesi, unaacha tarehe zigongane, halafu kukikucha unaanza kupiga simu: "Msomi, nishikie mkoba pale mahakama ya wilaya, mimi niko baraza la ardhi." Kushika mkoba, kwa asiye wa kazi yetu, ni wakili kusimama mahakamani kwa niaba ya mwenzake aliyekwama kwingine, mara nyingi aombe tarehe nyingine tu. Faili hajalisoma na mteja hamjui. Anataja jina la mwenzake, anaandika tarehe, anakimbilia kwake. Tuliombana mikoba kama majirani wanavyoombana chumvi, na hakuna aliyekataa, kwa kuwa kesho ungeomba wewe.

Karani wa mahakama alipoita kesi yangu nilisimama. Nilisema "Mheshimiwa", nikangoja sentensi iliyobaki ije. Haikuja. Mkono wa kulia ulioshika faili ukawa si wangu tena, faili likaanguka, karatasi zikatapakaa sakafuni. Nikasema tena "Mheshimiwa". Nakumbuka hakimu akinitazama juu ya miwani yake. Elia alikuwa benchi la nyuma akisubiri kesi yake mwenyewe, na hapo akafanya jambo ambalo nadhani wakili peke yake ndiye anayeweza kulifanya. Alisimama, akafunga kifungo cha koti, akasema, "Mheshimiwa, nashika mkoba wa msomi mwenzangu. Naomba shauri liahirishwe." Hakimu akampa tarehe. Elia akaiandika. Ndipo akageuka, akaona mdomo wangu umekwenda upande, akapiga kelele za kuita gari.

Mume wangu hakumsamehe kwa ile tarehe. Mimi nilimsamehe palepale, maana ningekuwa mimi ningefanya hivyohivyo.

Hospitalini siku zilipimwa kwa drip na kwa sauti ya kigari cha dawa. Nitasema ya mwili bila aibu, kwa kuwa aibu ndiyo iliyonitesa kuliko maumivu. Uji ulinichuruzika kwenye kona ya mdomo bila mimi kujua. Nilivishwa nepi kama mtoto. Nywele zangu, nilizokuwa nasuka kila mwisho wa mwezi, zilinyolewa kwa kuwa hakukuwa na wa kuzishughulikia, na nilipojiona kwenye kioo cha simu ya Imani niliona shangazi yangu aliyekufa. Nililia kwa jicho moja. La pili lilikuwa linatoka machozi muda wote, halihesabiki.

Elia alikuja siku iliyofuata na chupa ya uji wa ulezi kutoka kwa Rehema. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akasema polepole kama anamsomea mtoto, "Msomi, mafaili yako yote ninayo. Mkoba wako nimeushika. Siuweki chini mpaka urudi."

"Mheshimiwa," nikasema.

"Ombi limekubaliwa," akajibu, na mgonjwa wa kitanda cha jirani akacheka mpaka akakohoa.

Nilifurahi mno siku ile. Nilihisi kifua kimefunguka, nikalala usingizi ambao sikuwa nimeupata kwa miaka. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, ndivyo wanavyosema, na mimi nilidhani kwa Elia mafaili yangu yangekuwa mepesi hivyo, kwa sababu yeye alicheka wakati wa kuyapokea.

Mama alikuja kutoka Hombolo. Aliingia wodini na khanga zake mbili na ndoo ya zabibu za shambani kwake, akasalimia wote kwa Kigogo, kwa sauti, "Mbukwenyi!", kama yuko kisimani. Mimi nikamwita Mheshimiwa. Akaitika, "Naam, mwanangu," halafu akamgeukia nesi. "Tangu niolewe sijaheshimiwa hivi." Aliitika kila mara, hakuchoka. Wengine walinisahihisha, walinitajia majina yao kama wanafundisha kasuku. Yeye aliitika tu, na nikimtazama macho alijua kama nataka maji au nataka kugeuzwa.

Tuliporudi nyumbani, mtaa wa Kikuyu hapahapa Dodoma, ndipo kazi ilipoanza. Baba Imani anafanya kazi wizarani, kule Mtumba, na alikuwa aniogeshe, anivishe, anilishe, ndipo atoke. Alijifunza kunifunga sidiria huku analaani aliyeibuni. Ni mtu mpole, lakini upole nao una mwisho wake. Siku moja alinikuta nimejiburuta hadi kwenye kabati, natafuta simu kwa mkono wa kushoto. Akakaa chini sakafuni na suruali yake ya kazini. "Mama Imani," akasema, "huna sauti, huna mkono, na bado unawaza tarehe za watu. Mimi na Imani tarehe yetu ni lini?" Tulikaa pale chini mpaka Imani akarudi kutoka shule.

Kila wiki kulikuwa na kliniki. Watu hawawaelezi kuhusu yale mabenchi, basi nawaeleza. Unafika mapema, unapewa namba, unakaa. Televisheni inaonyesha mambo ambayo hakuna anayeyatazama. Wote tumeinama upande, huyu kulia, yule kushoto, na wanaotusindikiza wameshika mafaili, khanga na chupa za chai. Palikuwa na mwalimu mmoja wa sekondari ambaye yeye alibakiwa na "kaeni kimya". Basi tunakaa pamoja, mimi namwambia Mheshimiwa, yeye ananiambia kaeni kimya, na tunaelewana. Tulikuwa tukicheka mpaka manesi wanakuja kutazama. Alinipa furaha ambayo watu wazima wenye maneno yao hawakuweza kunipa. Kwenye Novemba hakuja, wala wiki iliyofuata, na sikuwa na namna ya kumuulizia.

Zabibu ndizo zilizonifundisha mkono. Mtu wa mazoezi ya viungo alinipa mpira wa kuminya, mama akauona, akauweka kando. Alinipa kishada cha zabibu, akaniambia nichume moja moja kwa mkono mbovu bila kuipasua. Mwanzoni nilizipasua zote. Maji yalinitiririka mpaka kwenye kiwiko. Elia akija jioni alikuta bakuli la zilizopasuka, akawa anazila huku akinisimulia ya mahakamani: hakimu gani kahamishwa, mteja gani kaja na shahidi mlevi. Alikuwa amekonda. Kola ya shati ilimpwaya. Nililiona hilo, na kwa kuwa sikuweza kulisema, likapita.

Mvua zilipoanza, maneno nayo yakaanza. "Maji" lilitangulia, halafu "Imani", na binti yangu alipolisikia jina lake alitoka nje mbio, akarudi macho mekundu. Yakaja mengine, yamechanganyika, mengine kwa Kigogo cha utotoni nilichodhani nimekisahau. Bonde lilikuwa limegeuka kijani na mimi nakaa barazani najifunza kusema meza.

Nikiwa na muda wote ule, nikaanza kuitazama kazi yetu kwa mbali, kama mtu anayetazama nyumba yake akiwa juu ya kilima. Ikanishangaza. Tulikuwa watu wenye akili, lakini tarehe zetu tulizitunza kichwani na kwenye mifuko ya mashati. Kila hati ya madai tulianza kuiandika upya kana kwamba hatujawahi kuandika nyingine. Nyaraka tuliziingiza kwenye mfumo wa mahakama jioni ya mwisho, mtandao ukigoma tunatokwa jasho. Wateja walitupigia tukiwa na tonge mkononi na tukapokea. Na mikoba ile.

Nilimweleza Baba Imani kwa maneno niliyokuwa nayo na kwa vidole, yeye akaniandalia. Kalenda moja ya simu, ambayo mimi, Elia na karani wetu wote tunaiona. Asubuhi yenye kesi katika mahakama moja isipewe nyingine. Mteja aambiwe ukweli au atafute wakili mwingine. Kila kesi iwe na majina mawili tangu siku ya kwanza, ili atakayesimama awe amelisoma faili. Hati za kawaida ziwe na kiolezo. Baada ya chakula cha jioni simu ya kazi izimwe. Tukampa fundi seremala wa Kizota atengeneze ubao mkubwa wa ukutani wenye miezi yote, kwa kuwa Elia alipenda kuona vitu kwa macho.

Elia alivisifu vyote. Aliutundika ubao mwenyewe, akanipigia picha. Kesi zangu zote alizipanga kwenye kalenda, safi, hakuna hata mbili zilizogongana. Za kwake zikabaki mfukoni. "Msomi, huu ni utaratibu mzuri sana," akaniambia. "Masika yakiisha tunaanza rasmi. Kwanza nimalize viporo."

Jumapili moja alikuja na Rehema kula mlenda wa mama. Mimi nilikuwa napima presha kila siku, mashine iko mezani. Nikamwonyesha kiti. Akakunja mkono wa shati akitania. Mashine ikavimba, ikatoa pumzi, ikaonyesha namba zilizopita hata zile nilizofika nazo mimi hospitalini. Rehema akaziona. Elia akasema mashine imezeeka. Tukapima tena, zikaja zilezile.

"Mficha maradhi, kilio humuumbua," mama akasema, bila kuinua macho kwenye chungu.

"Basi mama, kilio tutakiomba kiahirishwe," Elia akajibu. Akacheka peke yake.

Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu kichwani, hotuba nzima. Yaliyotoka yalikuwa, "Elia. Pumzika. Rudisha mkoba."

"Bado hujarudi," akasema, akanipigapiga begani. "Ukirudi nitaurudisha."

Nawaambia ninyi mnaosoma: hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi. Ningemwambia Rehema tumfungie ndani. Ningempigia hakimu. Najua siyo mimi niliyempa presha, watu wamenieleza mpaka wamechoka, na nimewaelewa. Lakini namkumbuka amesimama pale na mkono wa shati umekunjwa, na moyo unaniuma kama jino.

Aliangukia ofisini mchana, mvua inanyesha, chini ya ule ubao. Karani wetu alisikia kiti kikianguka. Nilipelekwa kumwona nikiwa na fimbo yangu, na safari hii mimi ndiye niliyekaa ukingoni mwa kitanda. Niliongea. Sikuwa nimeongea hivyo tangu Julai. Nilimsimulia ya shahidi mlevi, hadithi yake mwenyewe, nikakosea katikati, nikaanza upya. Nilimwambia mafaili yake ninayo. Sijui kama alisikia. Mkono wake ulikuwa na joto na mzito, na nilikuwa naujua uzito ule, kwa kuwa ndio niliokuwa nimeubeba kwenye bega langu miezi yote. Hakuamka.

Tulimzika kijijini kwao Mvumi, kwenye tope, mtama umesimama mrefu pande zote. Nilishikiliwa na Baba Imani kushoto na mama kulia. Tuliporudi kutoka kaburini Rehema alikaa karibu yangu kwenye mkeka, akaniegemea, akaniuliza kwa sauti ndogo ya kawaida kabisa, "Wifi, si ulisema ipo namna ya kufanya hii kazi bila kufa?"

"Ipo," nikasema.

"Sasa kwa nini hakuifanya?"

Nilitafuta. Maneno yote yalikuwa yamesharudi wakati huo, na hakuna hata moja lililofaa.

Sasa ni kiangazi tena na upepo umerudi. Ofisi ipo. Tuna kesi chache kuliko zamani, na wateja wengine wameondoka kwa kuwa niliwaambia asubuhi hiyo imejaa. Nimempata mwenzangu mpya, kijana wa kike, na kila faili lina jina lake na langu. Jioni simu inazimwa. Imani ndiye anayeizima, na anafurahia mamlaka hayo kupita kiasi. Kila Jumatatu tunapimana presha kabla ya kufungua faili lolote, na Rehema ndiye anayekuja kutupima, alitaka mwenyewe. Hayo siyo makubwa. Kalenda, ubao, neno hapana. Ni mambo madogo mno kuwa tofauti ya mtu kuwepo na kutokuwepo, na hilo ndilo linalonikasirisha hata leo. Mguu wangu bado naukokota. Nikichoka, mdomo unakwenda upande, na wasionijua hudhani nimelewa. Ukiwa wakili, na mwenzako akikupa mkoba wake huku unacheka, tafadhali nenda kwanza ukapime.

Nimeibakiza siku moja, ile ya wiki baada ya mazishi, kwa kuwa ndiyo iliyonigharimu zaidi kuiandika.

Ilikuwa ni kesi ileile ya Julai, mbele ya hakimu yuleyule. Elia alikuwa ameisimamia muda wote, tarehe kwa tarehe. Daktari hakuwa ameniruhusu kurudi kazini, lakini nilimwambia Baba Imani lazima niende, naye hakubisha. Alinifunga vifungo vya shati jeupe, akaniingiza kwenye koti jeusi lililokuwa likinipwaya, akanipeleka, akasimama nyuma mlangoni. Nilikaa mbele na fimbo yangu katikati ya magoti.

Karani aliita kesi. Hakimu alikuwa ametoka likizo, hakuwa na habari. Akatazama mabenchi. "Wakili Chiwanga yuko wapi? Nani ameshika mkoba wake?"

Mawakili wote walitazama chini. Mmoja nyuma yangu akaniinamia, akaninong'oneza, "Dada, nikusemee?" Nikatikisa kichwa. Nikashika benchi, nikasimama.

"Mheshimiwa," nikasema.

Halafu sentensi iliyobaki haikuja. Nilisimama palepale, mbele ya meza ileile, na lile neno moja peke yake hewani, na niliogopa kuliko nilivyoogopa siku ya kwanza, kwa sababu siku ya kwanza Elia alikuwa nyuma yangu. Hakimu akavua miwani. Hakuniharakisha. Nikaweka mkono wa kulia juu ya meza, ule wa zabibu, nikangoja.

"Wakili Chiwanga amefariki," nikasema. "Tumemzika. Mkoba wake haushikwi tena."

Nilisikia mabenchi. Walikuwa wamesimama wote nyuma yangu, bila kuambiwa. Hakimu naye akasimama, na karani akaanza kufuta macho kwa mkono wa koti. Kisha hakimu akaketi, akavuta jalada, akaniuliza taratibu sana, "Na shauri hili, Wakili, sasa ni la nani?"

"Langu, Mheshimiwa," nikasema. "Lilikuwa langu tangu mwanzo. Alikuwa ananishikia tu mpaka nirudi. Nimerudi."